Mbudya kwa mfuko mdogo: kisiwa kizuri, gharama zimejificha kwenye vitu vidogo

Ukiuliza watu wa Dar es Salaam wapi pa kupeleka familia msimu wa joto bila kuvunja kibubu, majibu hayazidi manne: Coco Beach, Kigamboni, Bongoyo na Mbudya. Hapa tunaipima Mbudya hasa. Hizo nyingine tatu zitatajwa pale zinapoishinda, na zinaishinda mara nyingi kuliko wenye boti wangependa usikie.

Mbudya ni mojawapo ya visiwa vya maeneo tengefu ya bahari ya Dar es Salaam, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyotengwa mwaka 1975. Hakuna makazi ya watu. Kuna fukwe safi, mivinje, mibuyu, mabanda ya makuti ya kukodi, vyoo, na watu wanaochoma samaki na kuuza vinywaji. Duka hakuna, maji ya bomba hakuna. Kila soda na kila gunia la mkaa unaloliona pale limevushwa kwa boti, na nauli ya huo uvushaji imo kwenye bei utakayotajiwa. Ukilijua hilo kabla ya kutoka nyumbani, umeshaokoa nusu ya pesa ambazo wengi huzipoteza.

Gharama ya siku ina mafungu matano: usafiri hadi Kunduchi, boti, kiingilio cha hifadhi, banda, na chakula pamoja na vinywaji. Watu hupigania bei ya boti kama vile ndiyo yote, kisha wakifika kisiwani wananunua maji, soda na samaki bila kuuliza. Kwa kikundi cha watu 15 hadi 20, fungu la tano ndilo linalomeza bajeti, na ndilo pekee unaloweza kulipunguza bila kumsihi mtu.

Boti kwanza. Zinaondoka kijijini kwa wavuvi Kunduchi na kwenye baadhi ya hoteli za ufukwe huo, na safari ni dakika 15 hadi 20 bahari ikiwa shwari. Ukiingilia hotelini utapata maegesho na choo, lakini uliza kama kuna kiingilio cha kupita tu, maana kinaweza kuongezeka juu ya nauli. Kwa daladala, shuka Kunduchi Mtongani kwenye barabara ya Bagamoyo, kisha bajaji hadi pwani. Uliza bei mbili: ya kichwa kimoja, kwenda na kurudi, na ya kukodi boti nzima. Gawanya ya pili kwa idadi ya watu wenu. Kikundi kidogo hulipa nafuu kwa kichwa; kikivuka watu kumi hivi, kukodi huanza kuwa na maana, na faida yake kubwa ni kwamba saa ya kurudi mnaipanga nyinyi. Watoto wadogo wahesabiwe kwenye mapatano kabla hamjapanda, wasije wakawa mjadala wakati wa kushuka.

Usilipe yote asubuhi. Lipa nusu, nusu ya pili mkirudi bara, na chukua namba ya simu ya nahodha mwenyewe, si ya kijana aliyewapokea pwani. Siku za sikukuu kijana huyo huwa anapokea wateja wa boti tatu, na saa 11 jioni kila mtu anataka kurudi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo boti ya watu 15 inapobebeshwa 22. Hesabu maboya ya kuvaa kabla boti haijang'oa nanga, na hakikisha yapo ya watoto: boya la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini, kwa hiyo halimsaidii. Kama hayatoshi, ngojeni boti nyingine. Kurudi kuwe saa 9 na nusu au saa 10. Upepo huwa umepanda mchana, na njia ya kurudi hurusha maji kuliko ya asubuhi.

Kisiwani hakuna gati la kushukia kwa viatu vikavu. Boti inasogea ufukweni, mnaruka kwenye maji ya magotini, mara nyingine mapajani. Kwa hiyo mzigo wote uwe na mpini au kamba, simu na vitambulisho viwe ndani ya mfuko usioingiza maji, na bibi au mama mjamzito apangiwe watu wawili wa kumshika. Kikapu cha ukindu na ndoo yenye mfuniko ndivyo vyombo bora kwa safari hii. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na ndani ya eneo la hifadhi msitarajie huruma.

Kiingilio cha hifadhi ni tofauti na nauli ya boti. Raia hulipa kwa shilingi na ni kiasi kidogo ukilinganisha na mgeni, ambaye viwango vyake hupangwa kwa dola. Kama mna ndugu aliyekuja kutoka Uingereza au Marekani na pasi ya huko, jueni kwamba kichwa chake kimoja kinaweza kuzidi vya wenyeji kadhaa. Raia na wabebe vitambulisho, NIDA au cha mpiga kura. Daini risiti ya serikali. Nahodha akisema "kiingilio kimo humo humo", mwambie akuonyeshe.

Sasa siku na saa, jambo ambalo halina gharama yoyote na ndilo linaloharibu matembezi mengi ya pwani hii. Bahari ya Dar hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa inaweza kupita mita tatu. Siku hizo maji yanakuwa yamekupwa kabisa kwenye saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na hujaa saa 10 hadi saa 11 jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hujaa kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi, na hayaendi mbali hata yakitoka.

Uzuri wake ni kwamba mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kukadiria bila jedwali. Idd el-Fitr ni siku ya kwanza ya mwezi mwandamo, kwa hiyo ni bamvua kila mwaka. Anayewapeleka watoto Coco asubuhi ya Idd hiyo atakuta mawe, majani ya bahari na shefwa wa miiba myeusi, na maji yako mbali. Idd el-Hajj ni siku ya kumi ya mwezi mwandamo, siku chache baada ya nusu mwezi, na maji hujaa kuelekea adhuhuri, kwenye saa 5 hadi saa 7. Ni siku nzuri ya ufukwe wowote. Krismasi, Mwaka Mpya na Mapinduzi hazifuati mwezi, kwa hiyo hizo tazama jedwali la maji la mwaka husika.

Hapa Mbudya inapata alama zake kubwa. Ufukwe wake unaotazama bara unaogeleka hata maji yakitoka, tofauti na sehemu nyingi za bara, na kisiwa chenyewe kinakinga mawimbi ya bahari kuu. Bongoyo nayo ina sifa hiyo hiyo. Shida wakati wa bamvua iko Kunduchi: asubuhi boti haiwezi kusogea, mnatembea kwenye matope na mzigo kichwani. Siku ya bamvua, ondokeni mapema saa 2, maji yakiwa bado yapo. Yeboyebo miguuni, siyo kandambili zinazochomoka.

Kipindi chenyewe kinachofaa ni Desemba hadi Februari, kaskazi ikivuma. Kuanzia Juni hadi Septemba hakuna mvua nyingi na hewa ni ya baridi kidogo, lakini kusi huchafua bahari na watoto hutapika njiani. Wanaopangia likizo ya katikati ya mwaka kwa ajili ya ndugu wa ughaibuni wajue hilo. Machi hadi Mei ni masika; usilipe amana ya boti kipindi hicho.

Chakula sasa. Samaki wa Mbudya ni watamu kweli: changu au tasi mzima aliyepasuliwa, akapakwa chumvi, ndimu na pilipili, akachomwa juu ya mkaa, na chipsi pembeni. Kasoro ni mbili. Bei hupangwa kwa macho, hakuna mizani, kwa hiyo chagua samaki mwenyewe akiwa mbichi, kubaliana bei ya huyo huyo pamoja na chipsi, na mtazame mpishi akimwekea alama. La pili ni muda. Siku ya kawaida utakula baada ya dakika 40 au saa nzima. Sikukuu, saa mbili si ajabu, kwa sababu majiko ni machache na kila boti inashusha wenye njaa. Agiza dakika unayokanyaga mchanga. Bonyeza tumbo la samaki: likibonyea na kubaki hivyo, au macho yakiwa na ukungu, mrudishe.

Njia ya nafuu ni mseto: samaki watatu wanne wa kuonja na kupamba, na chakula cha kushibisha kitoke nyumbani. Kwa watu 20, watu wazima 12 na watoto 8, pilau ya kilo 3 za mchele na kilo 3 za nyama inatosha na kubaki kidogo. Weka vitunguu kilo moja, viazi kilo moja na nusu, na mafuta yasizidi nusu lita, kwa sababu pilau yenye mafuta mengi ikipoa hugandia kinywani. Supu ya kupikia ipunguze kidogo kuliko ya nyumbani ili punje zikauke. Pilau mbichi mbichi ndani ya hotpoti huendelea kujipika na kuwa bokoboko.

Hotpoti mbili za lita 8 ni bora kuliko moja kubwa, kwanza kwa kubeba, pili kwa sababu ya pili inabaki moto mnapoifungua ya kwanza. Mimina maji yanayochemka ndani, funika dakika 10, mwaga, kisha jaza pilau hadi juu kabisa. Nafasi tupu ndiyo inayoipoza. Iive saa 1 au saa 2 asubuhi na iliwe kabla ya saa 7 mchana. Wali uliopoa na kukaa vuguvugu huzalisha vijidudu ambavyo sumu yake haifi hata ukiupasha tena, na joto la Januari linawasaidia. Kwa sababu hiyo wali wa nazi uacheni nyumbani. Huchacha upesi zaidi. Kuku wa kukaanga mkavu, chapati na viazi karai husafiri vizuri. Kachumbari kata huko huko kisiwani: nyanya nzima, vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi ndani ya kopo, ndimu pembeni. Ukiikata asubuhi utafika na supu ya nyanya.

Maji ya kunywa, pigia hesabu lita 2 kwa mtu mzima na lita moja kwa mtoto. Watu wetu 20 wanahitaji lita 32, na juu yake galoni ya lita 20 ya kunawa na kusuuza watoto chumvi. Hizo ni kilo 50 na zaidi za kubeba ndani ya maji ya magotini, ndiyo maana chupa nyingi ndogo zilizogawanywa kwa watu zinashinda madumu makubwa mawili.

Barafu ndiyo eneo watu hukosea hesabu, wakailaumu deli. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka yote inaweza kushusha lita 4 za kinywaji kutoka nyuzi 30 hadi 10, basi, haina nguvu tena. Kreti moja ya soda za chupa 24 zenye moto wa dukani itakula karibu kilo 2 na nusu za barafu kwa kupozwa tu, kabla jua la mchana halijaanza kudai lake. Mwenye kreti mbili za moto na mfuko wa kilo 5 atakunywa soda baridi saa 4, na saa 7 atakunywa za vuguvugu. Dawa ni kuweka vinywaji kwenye friji usiku kucha, ili barafu ifanye kazi moja ya kulinda baridi. Wasio na friji ya kutosha waombe kwa jirani mwenye friza ya biashara. Huduma hiyo ni rahisi kuliko barafu ya ziada.

Usinunue vipande vidogo pekee, maana huyeyuka haraka. Jaza maji chupa za lita moja na nusu, ukiacha sehemu ya kumi tupu kwa sababu maji huvimba yakiganda na chupa itapasuka, kisha zigandishe saa 24 kamili. Chupa sita zinatosha deli ya lita 50, na mchana zinakuwa maji ya kunywa, hakuna kilichopotea. Panga barafu juu, vinywaji chini, kwa sababu baridi hushuka. Deli moja iwe ya soda, itakayofunguliwa na watoto kila dakika tano. Nyingine ya nyama, matunda na keki, isiyofunguliwa hadi mwenye jiko aseme. Chupa za glasi zisivuke kabisa: zina amana dukani, na zikivunjika mchangani zitakata mguu wa mtu.

Kwa anayetaka kufanyia siku ya kuzaliwa ya mtoto huko, Mbudya tunaipa alama ya wastani. Keki ya krimu haifiki. Chukua keki kavu ya mayai, uipakie sukari ya unga palepale. Mishumaa haiwaki kwa upepo. Maputo yaachwe, yakipasuka au kupeperuka huishia majini na kasa huyadhania chakula. Banda moja hutosha watu wanane hivi kwa raha, kwa hiyo kikundi cha 20 kinahitaji mawili au matatu, na gharama inapanda. Mbadala wa bei ndogo ni turubai la mita 4 kwa 6, kamba mita 20 na kivuli cha mivinje, lakini muulize mhudumu wa hifadhi kwanza, na msifunge kamba kwenye miti michanga. Mtoto chini ya miaka miwili, kwa maoni yetu, asivushwe: akiumwa ghafla mpo boti moja mbali na gari.

Kisiwa chenyewe kina zaidi ya ufukwe. Kaa wa nazi, mkubwa wa kaa wote wa nchi kavu, anapatikana huku. Hutoka usiku, kwa hiyo wageni wa mchana humkosa, na ni kosa kumshika. Miwani ya kupigia mbizi hukodishwa, lakini ya mtoto mara nyingi haimkai usoni na inaingiza maji. Kama unayo yako, beba.

Bongoyo inaishinda Mbudya kwa anayeishi Msasani, Kinondoni au mjini. Boti zake huondokea Slipway, takriban nusu saa majini, na unaokoa foleni yote ya barabara ya Bagamoyo. Ina njia ya kutembea kwa miguu kichakani, jambo ambalo wakubwa waliochoka kuogelea hulipenda. Kwa chakula na maji, hesabu ni zile zile. Mkazi wa Tegeta, Boko au Mbezi Beach asijisumbue. Kunduchi ni yake.

Kigamboni inazishinda zote mbili kwa bei, hasa kwa kikundi chenye wazee na vichanga. Pantoni kutoka Magogoni ni shilingi 200 kwa mtembea kwa miguu, ng'ambo kuna bajaji na daladala, na hamna kiingilio cha hifadhi. Wenye gari wanaweza kupita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo lina tozo kwa magari. Angalieni masharti ya fukwe za hoteli: nyingine hutoza kiingilio ambacho unakirudisha kwa chakula au kinywaji, nyingine zinakataza kabisa kuingia na chakula chako. Hotpoti ya pilau ikizuiwa getini, nafuu yote imekufa, kwa hiyo piga simu siku moja kabla na uulize mambo mawili tu: chakula cha nje kinaruhusiwa, na kiingilio kinarudi? Jumapili jioni foleni ya pantoni upande wa Kigamboni ni ndefu. Vukeni kabla ya saa 10, au mkubali kukaa hadi saa 2 usiku.

Coco Beach ni bure na haihitaji mipango, lakini tuichukue ilivyo: ni mahali pa kula na kupunga upepo. Chini ni mwamba, kuoga kunawezekana maji yakijaa tu, na mtoto asiachwe peke yake hata hapo. Kwa sherehe ndogo ya jioni, watu wanane au kumi, haina mpinzani. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chachandu, mishikaki, madafu, keki mliyokuja nayo, mkeka mmoja. Mihogo agizeni inayotoka kwenye mafuta wakati huo. Iliyokaa sinia tangu mchana huwa migumu, na muuzaji atakupa hiyo kwanza usiposema. Mishikaki hesabuni vijiti pamoja na muuzaji mnapopokea, siyo mnapolipa. Mwisho wa wiki maegesho hujaa kuanzia saa 11 jioni, basi anayekuja na gari awahi, au ashukie mbali kidogo atembee.